Si kila mara mfumo umezidiwa

Mhariri,

Wiki iliyopita gazeti lako liliandika kwamba waombaji wengi walishindwa kutuma fomu zao za maombi mtandaoni siku ya mwisho kwa sababu "mfumo ulizidiwa". Sikatai kwamba mifumo huzidiwa. Lakini mimi nina steshenari Mbagala Rangi Tatu, huu ni mwaka wa kumi na moja, na jioni ile watu wanne walikwama dukani kwangu huku mtandao uko vizuri na kurasa zinafunguka chapuchapu. Naomba nafasi nieleze nilichokiona, kwa sababu kinarekebishika, na wa kukirekebisha si mteja wala si mimi.

Nina kompyuta mbili za wateja. Zote nilizinunua Kariakoo zikiwa zimeshatumika, zina Windows 7 na RAM ya GB 2. Zinachapa, zinaskani, zinajaza fomu. Steshenari nyingi za huku kwetu zinaendeshwa kwa mashine za namna hii.

Saa mbili usiku aliingia baba mmoja na binti yake kutoka Chamazi. Binti akaniamkia, baba akasema, "Dada, tumezunguka steshenari mbili, kote wanatuambia mfumo unasumbua. Na mwisho ni leo saa sita usiku." Nikawakalisha. Tukajaza jina, namba ya mtihani wa kidato cha nne, tukapandisha picha na cheti cha kuzaliwa. Ukurasa wa kwanza na wa pili tulivuka kwa kubonyeza Enter kwenye kibodi, bila kuwaza. Wa tatu ulikuwa na kisanduku kikubwa cha maelezo, na humo Enter inashusha mstari tu. Tukateremka hadi chini kutafuta pa kubonyeza. Peupe.

"Mama, hapa tunaendeleaje?" binti akaniuliza.

Nikaupakia ukurasa upya, ukafuta kila tulichojaza. Tukaanza tena. Nikapunguza ukubwa wa ukurasa kwa Ctrl na alama ya kutoa mpaka maandishi yakawa kama sisimizi, bado hakuna kitu. Baba alikuwa ameshasimama, anatazama saa ya ukutani. Ndipo nikabonyeza Ctrl na A, ambayo huchagua kila kilichomo kwenye ukurasa. Ukurasa ukajaa bluu, na kule chini upande wa kulia yakajitokeza maneno matatu: Hifadhi na Endelea.

Kitufe kilikuwepo muda wote. Maandishi meupe juu ya ukurasa mweupe.

Tulimaliza saa nne kasoro. Watatu waliofuata niliwaonyesha pa kubonyeza kwa kidole, kwenye kioo. Tangu usiku ule nawawaza waliokuwa kwenye zile steshenari mbili nyingine, walioambiwa mfumo unasumbua wakapanda daladala wakarudi nyumbani.

Asubuhi yake nilifungua F12 kuusoma ukurasa ulivyoandikwa. Kazi hiyo naifahamu kiasi, kwa kuwa pembeni ya steshenari huwa natengenezea tovuti ndogo shule na maduka. Nikakuta bluu ya kitufe imeandikwa kwa mtindo mpya wa kutaja rangi uitwao oklch. Chrome, kivinjari ninachotumia dukani, ilianza kuuelewa mtindo huo kwenye toleo la 111, Machi 2023. Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 ni toleo la 109, la Januari 2023. Matoleo mawili tu, Mhariri. Kivinjari changu kilipofika kwenye ile bluu hakikuielewa, kikaiacha. Rangi nyeupe ya maandishi ilikuwa imeandikwa kwa mtindo wa zamani, kikaikubali. Ndiyo maana jina la kitufe likabaki bila mandharinyuma.

Nilipiga simu ya msaada iliyoandikwa kwenye tovuti. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu, akaniambia, "Pole mama, sasisha tu kivinjari chako." Nikamjibu, "Mwanangu, Chrome yenyewe inaniandikia hapa juu kwamba nikitaka matoleo mapya lazima niwe na Windows 10 au zaidi." Akanyamaza kidogo, akaniambia basi nitumie kompyuta nyingine. Simlaumu. Alisema alichofundishwa kusema.

Kompyuta nyingine ipi? Windows 11 inadai RAM ya GB 4 na chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo mashine zangu hazina na huwezi kuiongeza kama unavyoongeza wino wa printa. Najua kompyuta isiyopata masasisho ya usalama ni hatari. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020, na mimi sifungui akaunti ya benki kwenye mashine hizo wala simruhusu mteja afungue. Nitazibadilisha nikipata uwezo. Lakini binti wa Chamazi hawezi kungojea biashara yangu ikue ndipo atume maombi yake.

Wenzangu wenye steshenari niwape njia iliyonisaidia: wekeni Firefox 115 kando ya Chrome. Ndiyo Firefox ya mwisho inayokubali Windows 7, na rangi za oklch inazielewa. Niliufungua ukurasa uleule, kitufe kikatokea kikiwa na bluu yake. Na kabla ya kulaumu tovuti tazameni saa ya kompyuta. Betri ndogo ya ndani ikiisha, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na kila tovuti itawaambia muunganisho si salama. Hilo ni kosa la mashine yetu, si lao.

Sasa wanaotengeneza fomu za umma. Ninyi mnajua kuliko mimi kwamba CSS, lugha ya kupanga rangi na mwonekano wa tovuti, tangu ilipotolewa 1996 ina kanuni moja: kivinjari kikikutana na agizo kisilolielewa, kinaliruka na kuendelea na linalofuata. Kanuni hiyo ndiyo dawa. Andika kwanza bluu kwa namba za zamani, kisha mstari wa chini yake andika bluu ya oklch. Kivinjari cha zamani kitashika ya kwanza na kuruka ya pili, kipya kitafuata ya pili. Ni mstari mmoja. Kama rangi zenu mmezipa majina juu kabisa ya faili na kuziita kwa majina hayo, mstari mmoja hautatosha, kwa sababu jina hupokea chochote na kosa huonekana baadaye, wakati wa kuipaka rangi. Hapo wekeni rangi za zamani kwenye majina, kisha zile mpya zifungieni ndani ya agizo la @supports, ili kivinjari kiulizwe kwanza kama kinazielewa.

Nasema haya kwa sababu nami nilikosea. Mwaka 2019 nilitengenezea shule moja tovuti kwa mpangilio wa gridi. Kwenye kompyuta yangu ilipendeza, safu tatu zimekaa sawa. Mwalimu mkuu akaifungua ofisini kwake kwa Internet Explorer 11, ambayo haiuelewi mpangilio huo ulivyo sasa, kila kitu kikajipanga kimoja chini ya kingine. Ratiba ya mitihani ilikuwa chini kabisa, mahali ambapo mtu asingefikiria kwenda. Wazazi walikuwa wanampigia simu kuuliza ratiba iko wapi. Nilirudi nikaweka mpangilio wa zamani uwe msingi, gridi nikaiweka ndani ya @supports. Internet Explorer haiijui @supports, basi ikaruka fungu lote na kubaki na ule msingi. Ilinichukua siku moja. Siku hiyo ningeitumia kabla ya kukabidhi kazi, yule mwalimu asingesumbuliwa.

Kwa JavaScript, lugha inayoendesha vitendo ndani ya ukurasa, mambo ni mazito zaidi. Haina huruma ya CSS. Kivinjari kikikuta alama ya lugha kisiyoijua, kinalitupa faili lote, na kama fomu nzima inategemea faili hilo, mteja anabaki na ukurasa mtupu au duara linalozunguka tu. Wateja wangu wengi huanza fomu nyumbani kwa simu, kwenye Opera Mini, kwa ajili ya kubana bando. Kivinjari hicho kikiwa kwenye hali ya kubana sana, ukurasa unaandaliwa kwanza kwenye seva za kampuni ya Opera ndipo ufike kwenye simu ukiwa mwepesi, na JavaScript hufanya kazi kidogo mno. Fomu ya HTML ya kawaida, yenye kitufe chake cha kawaida cha kutuma, hupita humo bila shida. Jina, namba, picha na cheti havihitaji zaidi ya hapo. Mapambo yaje juu yake, kwa wenye simu za kuyabeba.

Lipo jambo jingine linaloniuma. Baadhi ya tovuti zinasoma jina la kivinjari tu, zikikuta ni la zamani zinafunga mlango kwa tangazo la "tumia kivinjari cha kisasa", hata pale fomu ingefanya kazi. Siku moja nilizima JavaScript kwenye tovuti ya namna hiyo, tangazo likatoweka, na fomu ikajazika mwanzo hadi mwisho. Mtu aliketi akaandika amri ya kuwazuia watu ambao wangeweza kuhudumiwa.

Na kwako Mhariri, nina ombi. Mwandishi wako akiambiwa tena kwamba mfumo umezidiwa, aulize ilikuwa saa ngapi, kwa kivinjari gani, kwenye simu au kompyuta gani. Aende kwenye steshenari moja akatazame kioo. Neno "mfumo" linafunika mambo mengi, na aliyekosa nafasi kwa sababu ya kitufe kisichoonekana anahesabiwa kuwa alichelewa.

Kwa mafundi wa tovuti wasio na mashine ya Windows 7 ya kujaribia, zangu zipo, na Chrome 109 imo. Kabla ya saa nne asubuhi wateja huwa wachache. Njooni mfungue fomu zenu hapa kabla hamjazitangaza, sitatoza kitu.

Mwenye steshenari,
Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam