Barua ya wazi kwa Afisa Michezo wa wilaya yetu: Fungua geti, akina Opa wadogo wako nje

Mheshimiwa,

Shikamoo. Nimefika ofisini kwako mara tatu, na mara zote nimeambiwa uko kikaoni. Uniwie radhi kwa kukuandikia hadharani.

Julai 2025, Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walipocheza na Afrika Kusini kule Moroko kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanawake, tulikuwa pamoja mbele ya ile skrini pale stendi. Mshambuliaji wetu Opa Clement alipofunga, tukawa tunaongoza mbele ya mabingwa watetezi, wewe ndiye uliyesimama wa kwanza. Mechi ikaisha 1-1. Ukashika kipaza sauti ukatamka kwamba Jumanne na Alhamisi uwanja wa kata ni wa wasichana. Nilikuwa karibu yako, Mheshimiwa. Nimesikia kwa masikio yangu.

Alhamisi iliyopita tumefika saa kumi jioni, geti lina kufuli. Mlinzi anasema kuna bonanza Jumamosi, nyasi zisikanyagwe. Uwanja ule hauna nyasi. Unaujua.

Kuna mtoto wa miaka 12, fulana yake kaiandika OPA mgongoni kwa kalamu. Akaniuliza, "Mwalimu, na Opa alikuwa anafukuzwa?" Nilikosa la kumjibu. Tukaenda kufanyia mazoezi barabarani, nyuma ya machinjio, mpaka lori la mchanga likatutawanya. Mmoja amechubuka goti vibaya. Dawa nimenunua kwa hela ya vitumbua, na mipira yote miwili tuliyonayo ni ya vitumbua hivyo hivyo. Wiki hii sina hata mtaji wa unga.

Zamani mzazi alimfuata bintiye uwanjani na fimbo. Siku hizi mama anamleta mwenyewe mkononi: "Nifundishie huyu awe kama Opa." Saluni wanamtaja, bodaboda wanamtaja. Wazee wa kwenye bao, waliokuwa wakinisema, sasa wananiuliza Aisha Masaka anacheza lini, yule aliyetoka Yanga Princess akaenda Häcken ya Sweden, kisha Brighton ya Uingereza. Mapenzi hayo ya watu ndiyo yaliyonijazia watoto, kutoka tisa hadi thelathini na mmoja. Niwaweke wapi?

Wapo wanaosema timu za wakubwa zinalipia uwanja, ndiyo maana sisi tunasukumwa. Sina ushahidi. Labda ni mlinzi tu hakupewa taarifa. Vyovyote iwavyo, ufunguo uko ofisini kwako, na ahadi ni yako.

Nilitaka kuomba nyavu, jezi, na sanduku la huduma ya kwanza. Nayaacha yote. Naomba geti. Jumanne na Alhamisi, saa kumi mpaka saa kumi na mbili. Jumanne hii tutakuwa pale nje, wote thelathini na mmoja. Tafadhali, Mheshimiwa, mwambie mlinzi afungue.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa wasichana wa kata