Siku ya nane ni mapema mno

Swahiba wangu,

Salamu kwako na kwa wote hapo nyumbani, mama kwanza. Barua yako imefika jana nami najibu haraka, maana kuna neno humo limenikosesha raha: kwamba kaka kapimwa akili siku ya nane baada ya kuacha pombe, akapata 19 kati ya 30, na sasa wakubwa wanasema kichwa chake ndio basi.

Siku ya nane! Wakati huo ubongo ndio kwanza unatoka kwenye arosto. Usingizi haujatulia, na huenda bado anameza zile dawa za kumtuliza alizopewa ili asishikwe na kifafa. Kipimo chenyewe, kile kiitwacho MoCA, nakijua, ni kizuri: unachora saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi, unatoa saba saba kuanzia 100, unaambiwa maneno matano uyakumbuke baadaye. Alama 26 na kuendelea huhesabiwa kuwa sawa. Lakini karibu kila swali humo linadai umakini, na umakini ndio wa kwanza kuporomoka mtu asipolala au akiwa na sonona. Ile 19 ni ya siku ile tu. Wasiiandike kama hukumu.

Wasubiri. Wiki mbili ni chache, mwezi mmoja bila kilevi ni afadhali, kisha arudiwe tena baada ya miezi kadhaa kwa toleo jingine la maswali, asije akajibu kwa kukariri. Kwa waliokuwa wanywaji, nafuu kubwa huonekana wiki za mwanzo. Uwezo wa kupanga mambo hurejea taratibu, kwa wengine hata mwaka. Na kama bangi nayo kaiacha, kumbukumbu huanza kuchangamka ndani ya mwezi hivi.

Kuna jambo jingine ambalo familia haielezwi. Kwa mwenye ugonjwa wa hisia mseto (bipolar) kama kaka, hata siku ambazo hana huzuni wala ile furaha iliyopitiliza, mara nyingi hubaki upungufu fulani: kufikiri polepole, kusahau alichoambiwa, kushindwa kubadili mpango mambo yakigeuka. Si wote, lakini ni wengi. Sasa pombe nayo inashambulia palepale. Ndiyo maana naumia nikisoma kwamba shemeji anamwita mkaidi kwa sababu kakosa miadi mitatu. Kuweka nia ya kwenda kliniki ni jambo moja. Kuikumbuka Alhamisi asubuhi, kuvaa na kutoka kwa wakati ni kazi nyingine kabisa ya ubongo, na ndiyo hiyo iliyolegea.

Kabla sijasahau: vitamini B1. Kwa mnywaji wa miaka mingi anayekula kidogo, vidonge peke yake havitoshi mwanzoni kwa sababu utumbo hauvifyonzi vizuri, ni lazima apewe sindano. Akionekana kuchanganyikiwa, kuyumba bila kulewa, au macho yakicheza na kuona viwili viwili, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Dalili moja inatosha, msingoje zitimie zote. Matibabu yakicheleweshwa, kumbukumbu inaweza kupotea moja kwa moja.

Na lithiamu yake, ile dawa ya hisia mseto, ipimwe kwenye damu saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Wengi hulengwa milimoli 0.6 hadi 0.8 kwa lita. Mikono ikitetemeka sana, akitapika, akiharisha, ulimi ukiwa mzito, huenda dawa imezidi mwilini. Asimeze ibuprofeni wala diklofenaki kwa maumivu ya mgongo bila kumuuliza daktari, maana huipandisha lithiamu kwenye damu. Tezi ya thairoidi nayo ipimwe pamoja na figo kila miezi sita: tezi hiyo ikizorota, mtu anakuwa mzito wa kufikiri mkadhani sonona imerudi.

Nyumbani mpeni jambo moja kwa wakati. Liandikwe, halafu alirudie kwa maneno yake mwenyewe. Kuitikia "ndiyo" hakuonyeshi kwamba limeingia. Dawa ziwe kwenye kiboksi cha siku saba, kengele ya simu ilie akiwa bado nyumbani na si muda wa miadi wenyewe. Mshauri naye aombwe vikao vya nusu saa badala ya saa nzima, na kila kikao kianze kwa kukumbusha cha juzi.

Narudi palepale: hiyo 19. Ameambiwa mwenyewe? Kama kaambiwa, aliipokeaje? Analala saa ngapi, na anaamka mara ngapi usiku? Ile sindano ya B1 alipewa au la? Siku ya kipimo alikuwa bado kwenye vidonge vya kutuliza, na daktari aliandika hivyo? Nani anakaa naye mchana? Na wewe, unalala? Nijibu hata mistari miwili, hilo la sindano likiwa la kwanza.

Wako daima