Majina saba ya bibi

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako.

Juzi tumemaliza arobaini ya bibi hapa Ujiji, hitma imesomwa, baba mdogo ambaye ni katekista kakaa sinia moja na masheikh wakala pilau, na hiyo kwetu wala sio habari maana ukoo mmoja unakuta kuna Hamisi na kuna Yohana. Kilichoniuma ni kingine. Bibi alikuwa Muislamu haswa, swala tano hakosi, ila kabla ya kula alikuwa anamega katonge ka ugali wa muhogo anakaweka pembeni ya sahani, anataja majina ya wazee wake taratibu, saba, ndo anasema bismillahi. Na akistuka usiku kinachomtoka mdomoni ni Imana, Mungu yule yule wa Waha. Sasa siku ile mi nikaomba tuyataje yale majina, weee! Waislamu kwa Wakristo wakanigeukia kwa pamoja, ushirikina huo. Yaani umoja wa dini niliouona siku ile ulikuwa wa kumnyamazisha marehemu.

Nikamkumbuka mzee John Mbiti, yule Mkamba wa Kitui, Kenya, aliyefia Uswisi Oktoba 2019. Huyu alikuwa mchungaji, sio mganga, kasoma Cambridge, kafundisha Makerere, halafu mwaka 1969 katoa kitabu kuhusu dini na falsafa za Kiafrika akawaambia wakubwa kwamba wazee wetu walikuwa na dini, na Mungu walikuwa wanamjua kabla mmisionari hajaja. Akakusanya wanavyomuelewa Mungu watu wa makabila karibu 300. Sisemi alipatia kila kitu, Okot p'Bitek, yule mshairi wa Uganda, alimsema sana kwamba watu kama yeye wanawavalisha miungu wetu kanzu za Kigiriki, yaani wanawaeleza kwa mawazo ya Wazungu, na hapo Okot ana hoja. Ila angalau Mbiti aliuliza akasikiliza. Sisi hapa tukisema dini zinaelewana tunamaanisha msikiti na kanisa tu, ya bibi haina hata kigoda.

Na alichukua maneno yetu ya Kiswahili, sasa na zamani, akasema marehemu bado yupo kwenye sasa maadamu yupo hai mtu aliyemjua na anamtaja kwa jina, huyo naye akiondoka ndo marehemu anazama zamani. Mhariri, Oktoba ikifika muandikeni huyu mzee hata robo ukurasa, vijana wengi hawamjui.

Mi jioni ile nikachukua daftari niandike yale majina saba, nikapata matano. La sita kanipa shangazi wa Kasulu kwenye simu. La saba nimeuliza mpaka Buhigwe, hamna anayelijua, wanakumbuka tu alikuwa mwanamke na alikuwa anafinyanga vyungu.

Mjukuu,
Ujiji, Kigoma