Nyasi za Kitulo

Matamba, Makete

Mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mama nimemkuta mzima, anakusalimu sana wewe na watoto. Viazi vyako nimeshavifunga. Gari la Jumamosi litavishusha zile kona 57 hadi Chimala.

Ulipokuja mwaka ule wa kiangazi ulisema kwenye uwanda wetu wa juu wa Kitulo hakuna kitu, ni nyasi tu. Neno lile limenikaa moyoni. Juzi nilipanda mlima Mtorwi mpaka kileleni, mita 2,961, na kweli ni nyasi mpaka juu. Jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi, ncha za nyasi zimekauka kabisa. Nikapiga magoti, nikapenyeza vidole hadi kwenye mizizi. Mkono ulitoka umelowa. Ukungu wa usiku na mvua zote vimehifadhiwa mle, vinachuruzika polepole kwenye vijito vinavyoshuka bonde la Usangu. Ndiyo maji hayo unayofungulia majaruba yako ya mpunga, mwenzangu. Yakishapita kwako yanaingia mto Ruaha Mkuu, yanafika mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, watu wanawasha taa.

Na maua! Wazee hawakukosea kupaita Bustani ya Mungu. Okidi za manjano, za zambarau, nyingine nyeupe ndogo huzioni mpaka uiname.

Kilichoniuma ni mashimo. Njiani, kabla ya mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, nilikuta ardhi imefukuliwa vibaya. Ni wachimbaji wa chikanda, vile viazi vya okidi vinavyopelekwa Zambia kupikwa na karanga. Niliokota mmea mmoja uliotupwa. Chini huwa na viazi viwili: cha zamani kilichosinyaa, na kipya kigumu ambacho ndicho kingeota mwaka ujao. Kipya kilikuwa kimeshakatwa. Simlaumu mtu anayetafuta ada ya mtoto, lakini nilikaa pale na ule mmea mkononi, nikashindwa kuutupa. Hifadhi imekuwepo tangu 2005 na inalinda eneo lake. Huku nje tusipolinda wenyewe, nani atalinda?

Njoo kabla ya Aprili, maua hayajaisha. Uje na wanao, na masweta mazito. Nataka waingize mikono kwenye zile nyasi, wayaguse maji kabla hayajafika shambani kwenu.

Wako,
Mwenzio wa Matamba