Pikapu ya matairi pacha: tairi la ndani ndilo linalosahaulika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wasomaji wanaopanga kununua pikapu ya matairi pacha, ile yenye matairi manne kwenye ekseli ya nyuma, kwa kazi ya kuvuta tela. Wengi huitazama ilivyotanuka nyuma wakaamini ina nguvu kuliko nyingine. Nguvu za kuvuta hutoka kwenye injini, giaboksi na uwiano wa difu, na pikapu mbili za toleo moja, moja ya matairi mawili nyuma na nyingine ya manne, mara nyingi zina injini ileile. Matairi pacha yanaongeza mambo mawili: uzito ambao ekseli ya nyuma inaweza kuubeba, na utulivu wa gari pale tela linapoanza kulisukuma huku na huku. Asiyeyahitaji hayo mawili atakuwa analipia matairi sita bila faida.

Ukitaka kuiona tofauti, chuchumaa usome ubavu wa tairi. Saizi moja inayofungwa sana kwenye pikapu hizi ni LT235/80R17, na karibu na maandishi hayo utakuta namba 120/117. Ya kwanza ni alama ya uwezo wa tairi likiwa peke yake, kilo 1,400. Ya pili ni alama ya uwezo wake likiwa na pacha wake, kilo 1,285. Uwezo umeshushwa kwa sababu matairi mawili yaliyobanana hayagawani mzigo sawasawa: barabara ina mgongo, upepo ndani yao hutofautiana, na joto la katikati yao halitoki upesi. Hata hivyo manne yanabeba kilo 5,140. Pikapu nzito ya matairi mawili nyuma inaweza kuwa imevaa LT275/70R18 yenye namba 125/122, yaani kilo 1,650 kwa kila tairi, jumla 3,300.

Sasa weka tela. Tela linalounganishwa ndani ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma, hulaza juu ya gari asilimia 15 hadi 25 ya uzito wake. Likiwa na kilo 7,000, chukua asilimia 20: ni kilo 1,400. Tuseme ekseli ya nyuma ya pikapu tupu ina kilo 1,600. Ongeza 250 za watu, mafuta na vifaa, na 50 za kiungo kinachoshika tela. Umefika 3,300, ukomo kabisa wa matairi mawili, na bado hujakutana na shimo. Kwa matairi manne mzigo huohuo ni chini kidogo ya theluthi mbili ya uwezo wao. Hapo ndipo pikapu hii inapolipa bei yake.

Hesabu ya matairi peke yake haitoshi. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko chenye uzito wa juu wa gari zima na wa kila ekseli, na ukomo wa ekseli unaweza kuwa chini ya ule wa matairi. Kilicho kidogo ndicho kinachotawala. Peleka gari kwenye mzani mara mbili: kwanza bila tela, tangi likiwa limejaa na watu wako wakiwa ndani, kisha na tela likiwa limepakiwa, ekseli ya nyuma peke yake ikiwa juu ya mzani. Namba hizo mbili zitakuambia kama unahitaji matairi pacha, na zitakuambia vizuri kuliko muuzaji yeyote.

Tela linaloungwa nyuma ya bampa lina hesabu nyingine. Hapo shingo ya tela hubeba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, lakini inakandamiza nyuma ya ekseli, kwa hiyo inafanya kazi kama wenzo na kuinua pua ya gari. Kilo 500 zilizowekwa mita 1.3 nyuma ya ekseli, kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 4.2, zinaongeza takriban kilo 655 nyuma na kupunguza 155 mbele. Anayevuta tela la kilo 3,500 kwa namna hii bado yuko ndani ya uwezo wa pikapu nzito ya matairi mawili. Fedha za ziada azipeleke kwenye breki za tela na kiungo kinachogawa uzito, kinachorudisha sehemu ya mzigo kwenye ekseli ya mbele.

Kuhusu utulivu, faida ni ya kweli. Lori likikupita kwa kasi au upepo ukikupiga ubavuni, nguvu ya pembeni inaishia kwenye mbavu za matairi. Mbavu zikiwa nne kila upande badala ya mbili, na alama za matairi ardhini zikiwa zimetanuka zaidi, mkia wa gari haulegei upesi. Ila msiitegemee kumponya mtu aliyepakia vibaya. Tela lenye mzigo mwingi nyuma ya ekseli zake na shingo nyepesi litapiga mkia hata likivutwa na gari gani. Hamisha mzigo mbele mpaka shingo ifikie uzito wake.

Kuna jambo linalosemwa sana kuhusu pikapu hizi na linahitaji kusahihishwa kwa sababu linahatarisha watu: kwamba tairi moja likipasuka unaendelea na safari kwa lile lililobaki. Rudini kwenye mfano wetu. Kilo 3,300 zimegawanyika 1,650 kila upande. Tairi lililobaki limeandikiwa 1,400 likiwa peke yake, kwa hiyo limezidishiwa kilo 250 tangu sekunde ile mwenzake alipokufa. Ulichopewa ni muda wa kulidhibiti gari, kupunguza mwendo na kutoka barabarani salama, na hilo ni jambo kubwa. Hukupewa kilomita 50. Tena tairi lililokufa linazunguka likisugua na kujikunja, linapata joto kali, na mpira unaweza kushika moto. Simama mahali pa kwanza palipo salama.

Tatizo halisi la kumiliki gari hili liko kwenye tairi la ndani. Halionekani, halifikiki kwa mkono kirahisi, na likipungua upepo gari haliinami, kwa sababu la nje linabeba sehemu yake kimyakimya. Madereva wengi hupiga matairi kwa fimbo wakisikiliza mlio. Fimbo itakuonyesha tairi lililokwisha kabisa. Haitakuonyesha lililoshuka kutoka PSI 80 hadi 55, na hilo la 55 ndilo linalochemka na kupasuka likiwa limebeba. Tumia geji yenye shingo ndefu na kichwa cha pande mbili, ukipima asubuhi kabla gari halijatembea. Vali ya ndani hupitishwa kwenye tundu la rimu ya nje. Hakikisha matairi yamefungwa vali zikitazamana, moja juu na nyingine chini, ili geji iingie kwa zote mbili. Mirija ya kurefusha vali hurahisisha kazi lakini hulegea na kuvujisha, kwa hiyo vali ndefu za chuma zilizofungwa kwenye rimu yenyewe ni bora zaidi. Fuata upepo ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango, na usishangae ukikuta wa nyuma ni mdogo kuliko wa mbele.

Matairi ya upande mmoja lazima yalingane. Yamefungwa kwenye kitovu kimoja, kwa hiyo yanazunguka idadi ileile ya mizunguko yapende yasipende. Tuseme moja lina mzingo mkubwa kuliko mwenzake kwa milimita 19. Kwa saizi niliyoitaja, gurudumu linazunguka karibu mara 400 kwa kilomita. Tofauti hiyo ni mita 7.6 za kuburuzana katika kila kilomita, na dogo ndilo linaloliwa huku kubwa likibeba mzigo wa wawili. Milimita 19 za mzingo, au 6 za kipenyo, ndizo mafundi wengi wanazozichukua kuwa ukomo. Ndiyo maana tairi jipya halifungwi pembeni ya lililochakaa. Nunua mawili, na yale yaliyotumika uyapange kwa vipimo.

Msifunge matairi mapana kuliko yaliyokusudiwa. Tairi lililobeba mzigo hufura chini, na nafasi kati ya mbavu mbili ikiwa ndogo zitagusana na kulana. Hali hiyohiyo hutokea ukipunguza upepo ili upite kwenye mchanga. Jiwe likinasa katikati, litoe kabla hujaondoka. Lisipotoka kwa mkono au nondo, pandisha jeki uvue tairi la nje. Ukiondoka nalo litachana ubavu, au litachomoka kwa kasi na kumpiga aliye nyuma.

Kufunga magurudumu haya kunataka utulivu. Kwanza tenganisha tela, weka vigingi kwenye matairi ya mbele, na utumie jeki iliyoandikiwa uzito wa kutosha. Ukipata pancha ya ndani utavua ya nje kwanza, kwa hiyo hesabu kazi mara mbili. Kabla ya kurudisha, piga brashi ya waya kwenye uso wa kitovu na nyuso za rimu zote mbili zinapokutana. Kutu, rangi nene au tope lililobaki hapo litasagika gari likitembea, nafasi itapatikana, na nati zitalegea bila mtu kuzigusa. Kaza kwa mpangilio wa nyota, na umalize kwa spana ya kupimia nguvu. Magari mengi ya aina hii yako karibu na newton-mita (Nm) 190 hadi 225, lakini kitabu cha gari lako ndicho chenye neno. Baada ya kilomita 80 hadi 160 kaza tena. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo chanzo cha magurudumu yanayochomoka njiani.

Gari likiwa tupu, matairi manne yanakuwa hasara. Uzito mdogo wa nyuma umetawanywa kwenye eneo kubwa, kwa hiyo kwenye nyasi mbichi, utelezi au barabara iliyojaa maji tairi linaelea badala ya kuuma. Tope huingia katikati ya pacha na kufanya gurudumu moja pana lisilo na meno. Kwenye njia yenye makorongo yaliyochimbwa na magari ya matairi mawili, tairi moja huingia korongoni na mwenzake hubaki ukingoni, gari likawa linavutwa pembeni. Anayevuta matela mepesi mashambani wakati wa mvua afikirie mara mbili. Gari tupu pia linarusha nyuma, kwa sababu springi zimetengenezwa kwa mzigo.

Upana nao una gharama yake. Madigadi ya nyuma hufikia karibu mita 2.4, wakati pikapu ya kawaida iko karibu mita 2.0. Ukikata kona, tairi la nyuma hupita ndani zaidi ya la mbele, na mara nyingi digadi la upande wa ndani ndilo linalopasuka kwanza. Pima lango lako na sehemu unakolaza gari kabla ya kulipa.

Kwa anayekagua lililotumika, kazi ianzie nyuma. Tazama matundu ya nati: michirizi ya kutu inayotoka humo, au tundu lililopanuka likawa yai, ni alama kwamba rimu imetembea ikiwa imelegea, na rimu hiyo haifai tena. Angalia kama rimu zote sita ni za aina moja. Za nje zikiwa za alumini na za ndani za chuma, hutaweza kuzungusha matairi kati ya ndani na nje bila kuyavua kwenye rimu. Vali zote nne za nyuma uziguse kwa geji mwenyewe. Kisha, gari likiwa tupu kwenye sakafu iliyonyooka na upepo ukiwa sawa, laza rula ndefu iliyonyooka juu ya meno ya pacha wawili, sambamba na ekseli. Mwanga ukipita chini yake juu ya tairi mojawapo, hilo ni dogo. Pima pengo: kila milimita ya pengo ni milimita mbili za kipenyo, kwa hiyo likizidi milimita 3, pacha hao hawafai kukaa pamoja, na bei ya matairi mapya uitoe kwenye bei ya gari.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa magari ya mizigo