Mjomba, kabla hujaenda na Villa kule Newcastle

Birmingham,
Jumapili jioni

Mjomba,

Shikamoo. Huku hatujambo, baridi tu ndiyo imeanza mapema. Nimefurahi viza yako imetoka, ila nimecheka kusikia kwamba kati ya mechi zote umechagua ya ugenini Newcastle. Haya, mtu aliyeanza kuifuata Aston Villa Januari 2020 kwa sababu ya Mbwana Samatta, akaikumbatia hadi leo Samatta mwenyewe akiwa kaondoka zamani, ana haki ya kuchagua safari anayoitaka. Ila St James' Park, uwanja wa Newcastle, si kama kwenda kwa Mkapa. Wengi wanaorudi kutoka kule wamenuna hawajafanywa chochote na mashabiki wa Newcastle. Wameponzwa na ngazi na saa. Basi soma barua hii taratibu, halafu mpe Mama naye asome, maana najua wewe utaruka mistari.

Kwanza tiketi. Tangu msimu wa 2016/17 Ligi Kuu ya huku imeweka ukomo wa pauni 30 kwa tiketi ya shabiki mgeni, na wageni hutengewa viti kama 3,000. Hizo haziuzwi na Newcastle. Wanauza Villa wenyewe, tena kwa awamu: mwenye rekodi ndefu ya kwenda ugenini anatangulia, anafuata mwenye rekodi fupi, na zikibaki ndipo mwanachama wa kawaida anapata. Usimtumie hela yeyote anayekwambia kwenye Facebook kwamba anayo moja ya ziada. Kuuza tiketi ya mpira bila kibali ni kosa la jinai hapa tangu sheria ya mwaka 1994, na tiketi ikigundulika inafutwa wewe ukiwa umesimama getini. Wala usishawishike na ya upande wa wenyeji eti utakaa kimya. Nakujua, Mjomba. Villa wakifunga utaruka, na stewadi, yaani mlinzi wa jukwaani, atakutoa nje kabla hujamaliza kushangilia.

Sasa saa, na hapa ndipo hela nyingi zinapopotelea. Ratiba ya ligi hutoka mwezi Juni, lakini siku na saa zilizoandikwa mle si za kuaminia. Televisheni zikishachagua mechi zao, ya Jumamosi saa 9 alasiri inaweza kusukumwa hadi saa 6 na nusu mchana, au saa 11 na nusu jioni, au Jumapili kabisa. Villa wakiwa na mechi ya Europa League Alhamisi, ujue ya ligi itaangukia Jumapili. Kwa hiyo hatununui treni mpaka uteuzi wa televisheni utangazwe. Tiketi ya treni ya bei nafuu inakufunga kwenye treni moja tu ya saa moja tu; ikikuacha, hiyo hela umeiaga, na mechi ikihamishwa hurudishiwi. Na ukisoma tiketi ya huku ukakuta 15:00, hiyo ndiyo saa 9 yetu, usije ukapiga hesabu za kwenu na kujumlisha tena tofauti ya masaa.

Treni ya moja kwa moja kutoka stesheni ya New Street hapa Birmingham hadi Newcastle inachukua kama masaa matatu na nusu, ikipitia Derby, Sheffield, York, Darlington na Durham. Pale Durham usilale, kanisa kuu lao liko juu ya mlima na linaonekana vizuri dirishani. Ukishavuka mto Tyne umefika.

Mechi ikibaki saa 9 alasiri, treni inafaa kabisa. Siku hizi dakika za nyongeza ni nyingi, kwa hiyo hesabu kipenga cha mwisho karibu na saa 11 kasoro dakika chache. Kisha ongeza nusu saa au zaidi ya kushuka na kutembea hadi stesheni. Treni ya kurudi iwe ya saa 12 jioni au baada ya hapo. Ukikata ya saa 11 na dakika 20 kwa kuona ni karibu, utalazimika kutoka dakika ya 80, na sioni faida ya kwenda Newcastle kuangalia dakika 80. Ikihamia saa 11 na nusu jioni, sahau treni: mechi inaisha karibu saa 1 na nusu usiku, na usafiri wa kuja huku usiku wa Jumamosi hukatika mapema. Hapo ni kulala kulekule au kupanda basi la mashabiki. Jumapili nako angalia mara mbili, maana siku hiyo ndiyo wanayopenda kukarabati reli na kuwashusha abiria wapande mabasi njiani.

Kwa goti lako mimi ningekupeleka na basi la mashabiki moja kwa moja, bila kujali saa. Ni kama kilomita 330, masaa manne na zaidi ukiweka kituo cha kuchimba dawa, lakini linakungoja hadi mwisho na linashusha watu karibu na uwanja. Sheria ya mwaka 1985 inakataza pombe ndani ya mabasi hayo. Najua wewe hunywi, ila usikubali kumbebea mtu chupa kwenye begi lako. Polisi wakisimamisha basi na kupekua, hawaulizi ni ya nani.

Tukienda kwa treni, uwanja uko katikati ya mji, dakika kama 15 kwa miguu. Kuna treni ya chini ya ardhi hadi kituo cha St James, lakini kutoka stesheni kuu unabadilisha Monument, na kwa foleni ya siku ya mechi hujaokoa kitu. Toka nje ya stesheni, panda barabara ya Grainger Street mpaka uone mnara mrefu wenye sanamu juu, ule wa Earl Grey. Geuka kushoto Blackett Street, nyoosha hadi Gallowgate, na uwanja utauona juu ya mwinuko, huwezi kuukosa. Lakini hapo upo upande wa wenyeji, na jukwaa letu liko upande wa pili kabisa. Zunguka kwa Barrack Road, pita kwenye sanamu ya Alan Shearer (mabao 206 kwa klabu ile, hata sisi tunamheshimu), endelea hadi kona ya jukwaa la Leazes ndipo utafute geti la wageni.

Ngazi zenyewe sasa. Wageni wanawekwa ghorofa inayoitwa Level 7, juu kabisa ya kona ile. Unapanda, unafika kwenye kona, unageuka, unaanza upya. Fanya hivyo mara 14. Vijana wenyewe wanafika juu wakihema. Makosa ni yaleyale kila mwaka: watu wanakaa mjini hadi robo saa kabla ya mechi, wanafika getini pamoja, wanapanda mbiombio, na bao la kwanza wanalisikia wakiwa kwenye ngazi. Wewe uwe getini dakika 45 kabla, ukiwa umeshakula. Shika upande wa ukuta, waache wenye haraka wapite, pumzika kwenye kila kona ya tatu au ya nne. Na ukiona goti linagoma, lifti ipo kwa wasioweza kupanda, ila mwambie stewadi ungali chini, kabla hujaanza. Ukishafika katikati ya ngazi na watu elfu wako nyuma yako, hakuna wa kukurudisha. Bora zaidi ni kuwaandikia Villa siku ileile ya kununua tiketi na kuwaeleza habari ya goti, wapange mapema. Usione aibu, hiyo si kuomba msaada, ni haki ya mwenye tiketi.

Utajiuliza kwa nini uwanja wa watu 52,000 upo upande mmoja juu na upande mwingine chini, kama mwenye bega moja. Nyuma ya jukwaa la mashariki kuna Leazes Terrace, nyumba za kale zinazolindwa kisheria, kwa hiyo upande ule hawakuweza kupandisha. Walipopanua uwanja, kazi iliyokamilika mwaka 2000, walijenga kwenda juu upande wa magharibi na kaskazini tu. Sisi ndio tunaolipa deni hilo kwa miguu.

Faida yake ni kwamba huko juu unauona mpira kama ubao wa kocha. Sura za wachezaji huzioni sawasawa, na jezi namba ngapi utahangaika nayo mwanzoni. Lakini chini ya kocha Unai Emery mabeki wa Villa wanapanda juu sana kutega kuotea, na kwenye televisheni hilo halionekani kwa sababu kamera inafuata mpira. Ukiwa Level 7, usiangalie mwenye mpira. Angalia mstari wa mabeki wetu wanne Newcastle wanapojiandaa kupiga pasi ndefu: utawaona wanasogea pamoja hatua mbili tatu, au mmoja anachelewa na unajua bao linakuja kabla halijafungwa. Kwa hilo pekee safari inalipa.

Kukaa usahau. Upande wa wageni watu wanasimama mechi nzima, na namba ya kiti ni ya kukuonyesha pa kusimama. Ukikaa utaangalia migongo. Kwa hiyo goti libebwe na dawa yako, na uinywe kabla ya kupanda.

Upepo wa kule unatoka Bahari ya Kaskazini, na kwenye ghorofa ile hakuna cha kuuzuia. Desemba jua linazama kabla ya saa 10 jioni, yaani mechi ya saa 9 unaimalizia usiku. Vaa fulana ya kubana ndani, shati la mikono mirefu, sweta, kisha koti lisilopitisha upepo. Soksi jozi mbili, ya ndani nyepesi na ya nje ya sufu, kwa sababu baridi inaanzia kwenye saruji unayosimamia. Usije na viatu vya ngozi vya Ijumaa. Simu yenye tiketi iwe mfuko wa ndani: betri za simu huishiwa nguvu haraka kwenye baridi, na simu ikizima getini hakuna anayekusikiliza. Begi kubwa usije nalo.

Wenyeji ni watu wakarimu. Ni mji mmoja, klabu moja, na wazee wao watakusimamisha kukuuliza umetoka wapi. Baa za kuzunguka Gallowgate, hasa ile ya Strawberry iliyo mlangoni kabisa, ni zao, usiingie na jezi ya maruni. Skafu ya Villa iweke ndani ya koti mpaka ufike geti la wageni. Na skafu yako ya Simba, Mjomba, iache kabisa Birmingham. Nyekundu na nyeupe kule ni rangi za Sunderland, na hutapata nafasi ya kueleza habari za Msimbazi.

Kuna kisirani kimoja cha kweli kati yetu. Newcastle walishushwa daraja tarehe 24 Mei 2009 hapa Villa Park, kwa bao moja la kujifunga la Damien Duff, na mashabiki wa Villa waliwacheka kwa mabango. Hawajasahau. Wenzako wakianza kuimba habari hiyo nje ya uwanja, wewe tembea. Ukitaka kuzungumza na mzee wa Newcastle, mkumbushe Aprili 2005, wachezaji wao Bowyer na Dyer walipopigana wao kwa wao, jezi moja, katikati ya mechi dhidi yetu, wakatolewa wote na Villa wakashinda 3-0. Hilo wao wenyewe wanalicheka. Au mpongeze kwa Kombe la Ligi la Machi 2025, walipowafunga Liverpool 2-1. Walikuwa hawajabeba kombe kubwa la nchini tangu 1955, kwa hiyo atakusimulia mpaka basi liondoke.

Chakula: mkate wao mkubwa wa duara unaitwa stottie, ni mzuri, lakini unaojazwa sana ni wa nguruwe, uliza kwanza. Maduka na mikahawa ya halali iko Stanhope Street, mwendo mfupi magharibi ya uwanja. Tukifika saa 6 mchana tunakula na unapata muda wa kuswali kabla ya kupanda. Ndani malipo ni kwa kadi.

Nitumie kwanza namba ya kiatu chako, ya Ulaya si ya kukisia, na unijibu kama daktari wa goti anaweza kuandika barua fupi kwa Kiingereza. Hivyo viwili vikifika wiki hii, habari ya Villa na lifti nitaimaliza mimi.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na mkaza mjomba mwambie pilipili manga asisahau.

Mpwa wako