Unyevu wa udongo unaokadiriwa na setilaiti uhakikiwe mashambani kwetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie makadirio ya unyevu wa udongo yanayotokana na setilaiti, ambayo wanaoshughulika na tahadhari za ukame na bima ya mazao wanazidi kuyategemea. Siyapingi hata kidogo. Ninachoomba ni kwamba yasitumike kumwamulia mkulima wa Dodoma kabla hayajalinganishwa na udongo wa Dodoma wenyewe.

Setilaiti ya SMAP, iliyorushwa na Marekani Januari 2015, hupokea mawimbi hafifu ya maikrowevu yanayotoka ardhini, na kwa mawimbi hayo hukadiriwa maji yaliyomo katika sentimita 5 za juu za udongo. Ramani yake ya msingi imegawanywa katika vipande vya kilomita 36 kwa 36, maana yake eneo la karibu kilomita za mraba 1,300 hupewa tarakimu moja tu. Ndani ya eneo kama hilo, huku kwetu, mtu atakuta udongo mwekundu juu ya kilima, kichanga cha kijivujivu mteremkoni na udongo mweusi wa mbuga bondeni, na kila mmoja hushika maji kwa namna yake. Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, aliueleza mpangilio huu kwa maandishi mwaka 1935, hivyo hatuwezi kudai kwamba haujulikani.

Waliobuni SMAP walijiwekea lengo kwamba makosa ya vipimo yasizidi lita 40 za maji katika kila mita moja ya ujazo ya udongo, baada ya kuondoa tofauti ya kudumu iliyopo kati ya setilaiti na vipimo vya ardhini. Sharti hilo la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi, kwa kuwa setilaiti ikionyesha unyevu mwingi kuliko uliopo msimu mzima, kosa hilo halihesabiwi. Isitoshe, katika kichanga, maji yote ambayo mmea unaweza kuyanyonya mara nyingi hayafiki lita 100 katika ujazo huohuo. Lita 40 hapo zinatosha kuficha ukame unaounguza mtama.

Uhakiki mkubwa wa lengo hilo ulifanyika kwenye maeneo machache yenye vipimo vingi, mfano bonde la Little Washita huko Oklahoma, Marekani, lenye vituo vipatavyo 20 ndani ya kilomita za mraba 610. Ni kazi nzuri, lakini malisho ya Oklahoma hayawezi kutoa ushahidi juu ya mbuga zetu.

Kupima ardhini nako kunataka uangalifu. Kiangazi kinapokolea, udongo wa mbuga hupasuka nyufa ambazo mkono mzima huingia, na kihisi, yaani kifaa cha kupima unyevu, kilichofukiwa humo hubaki kimegusana na hewa, kikatoa usomaji wa ukavu usio wa kweli. Kwa sababu hiyo hakuna budi kurudi mara kwa mara kwenye njia ya zamani: kupigilia pete ya chuma ardhini, kuutoa udongo wake wote, kuupima uzito, kuukausha kwenye oveni kwa nyuzi joto 105 kwa saa 24, kisha kuupima tena. Njia hii inachosha, ila ndiyo inayosahihisha vihisi vyenyewe.

Naziomba taasisi zetu, hasa vituo vya utafiti wa kilimo vya Hombolo na Makutupora ambavyo tayari vina mashamba na wataalamu, ziweke vihisi kilimani, mteremkoni na mbugani, kwa kina cha sentimita 5 na pia chini zaidi inakofika mizizi, na ziviache humo kwa misimu kadhaa mfululizo, ya mvua na ya kiangazi. Takwimu hizo zitolewe bure kwa yeyote anayezihitaji, na kampuni yoyote itakayotaka kulipa au kukataa fidia kwa kutumia setilaiti itakiwe kwanza kuonyesha jinsi makadirio yake yanavyolingana nazo, kwa kila aina ya udongo peke yake.

Wako,
Mtaalamu wa udongo,
Dodoma